Kibao Kilichoandikwa PESA

Leo nimeaibika kwa kilo.

Naandika nikiwa nimekaa, nimetulia, nimeshakunywa maji. Hasira zimekwisha. Aibu bado ipo. Basi nisikilizeni nyie wa Stockholm, maana najua picha zimeshafika Vällingby na maneno yameshaanza. Bora myasikie kwa mwenye aibu yake.

Kwa wasionifahamu (kundi limekuwa kubwa, watu wanaingia hata salamu hawatoi): mimi ni Mama Zawadi wa Rågsved, mzaliwa wa Kigoma. Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Mtu yuko hospitali au ofisini huko Stockholm, Kiswidi hakijui, wananipigia, nakaa katikati yao. Anachosema huyu nakisema. Anachosema yule nakisema. Siongezi, sipunguzi. (Niliyewahi kumtafsiria asishtuke. Nina kiapo cha kutunza siri. Siri za leo ni zangu tu, na kwa bahati mbaya ni nyingi.)

Mume wangu ni Baba Zawadi, wa Uvira. Mnamjua: yule mrefu, mwenye tumbo la heshima, aliyeendesha mabasi Stockholm mpaka mgongo ukagoma. Tangu mgongo ugome alikuwa na ndoto moja tu. Gari-nyumba. Lile gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo, unalala unapotaka, unaamka unapotaka. Akalipata, la mkono wa pili, akalipaka rangi mwenyewe. Akasema tunashuka nalo kusini mpaka kwa Wataliano, tutembee polepole, tuone dunia kabla hatujafa. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile. Anaamka usiku kwenda kulipangusa vumbi.

Yeye ana mapumziko. Mimi sina. Kwa hiyo nafanya kazi humo humo garini. Masikio yangu yako Stockholm, makalio yako Italia. Tulipita Uswisi, ule upande wao wanaoongea Kiitaliano, sasa tuko Italia yenyewe, kwenye vilima vya mizabibu. Kila kona ni picha. Kila picha nimewatumia. (Ndiyo, nilikuwa naringa. Nakiri, tuendelee.)

Sasa, tatizo lilikuwa Gunilla.

Gunilla ni bosi wangu. Msweden mpole, anaongea taratibu, hajawahi kunipandishia sauti. Nilipomwomba ruhusa ya kufanya kazi njiani alifikiri sana, akasema sawa, tujaribu. Ila kanuni ni kanuni: mkalimani lazima awe kwenye chumba kilichofungwa, peke yake, pasipo kelele, pasipo mtu wa kuchungulia. Na kabla hajanipa ruhusa ya kudumu, atakikagua hicho chumba kwa macho yake, kwa video. Kikimridhisha, naendelea. Kisipomridhisha, narudi Stockholm wiki hii hii, na safari ya Baba Zawadi imefia hapo, kwa sababu bila mshahara wangu hilo gari halinywi mafuta.

Ukaguzi ulikuwa leo. Saa tano asubuhi.

Kwa hiyo leo nimeamka mapema. Nimefunga kilemba kizuri. Nimepangusa meza. Nimemwambia Baba Zawadi, "Leo sitaki muziki, sitaki kukaanga, sitaki hata kukohoa." Akaitika, "Sawa, bibi yangu." (Kwa watu wa Uvira bibi ni mke. Nilichukua miaka kuizoea.)

Tukatoka tulikolala, tukaingia kijijini kununua mkate. Muuza mkate akakataa kadi. Nikampa simu, nilipe kwa simu. Akaiangalia simu yangu kama nimempa samaki. Akasugua vidole: anataka noti. Jamani, Stockholm nani anatembea na noti? Mimi nilishasahau hata mfalme wetu kwenye noti anatazama kushoto au kulia. Kama yupo, maana hata hilo sina hakika nalo.

Tukarudi garini bila mkate. Baba Zawadi akiwa na njaa anakuwa mkimya, na akiwa mkimya anaendesha vibaya. Tukawa tunazunguka tukitafuta mashine ya kutolea hela. Saa nayo inakwenda.

Ndipo nikakiona.

Kibao. Cheupe, maandishi meusi, mshale wa kulia. PESA.

"Simama!" nikapiga kelele.

Baba Zawadi akakanyaga breki mpaka sufuria zikaanguka.

"Soma pale."

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mama Zawadi," akasema kwa sauti ya kanisani, "balikufa na lugha yetu. Banaandika Kiswahili." (Kwa watu wa Uvira kufa na kitu ni kukipenda mno.)

Sasa msinicheke. Fikirini kama mtu mwenye akili. Wataliano si wamejaa Malindi? Si wanakwenda Zanzibar kila mwaka, wanarudi wamesukwa nywele? Nikajiambia, hili neno wamelibeba kule, wakalipenda, wakalipandisha kwenye kibao. Maneno husafiri. Nani anajua hilo kuliko mkalimani? Na chini ya PESA palikuwa na neno la pili: PUBBLICA. Hilo nalo halikunipa shida. Pablika, umma. Pesa za umma! Nikamtafsiria Baba Zawadi hapo hapo, kwa sauti ya kazi: "Hii ni mashine ya serikali. Ya wananchi wote. Haina makato."

Nikapiga picha. Nikawatumia nyie. (Mama Furaha wa Vällingby, wewe uliandika "Mungu ameinua Kiswahili." Umenyamaza sasa?) Nikamtumia na binti yangu Zawadi, anasoma Flemingsberg. Huyo mkimwandikia Kiswahili anajibu Kiswidi. Akajibu: "Mamma, kolla först." Yaani mama, hakikisha kwanza. Nikaona mtoto hana heshima, nikafunga simu.

Tukafuata mshale.

Mshale ukatupeleka kwenye kiwanja kidogo nyuma ya kanisa. Pazuri! Kimya. Ukuta unatoa kivuli. Katikati kuna bamba kubwa la chuma, limelala chini, limenyooka kama meza. Wale mnaosafiri na gari-nyumba mnajua. Sehemu iliyonyooka ni dhahabu. Gari likiinama kidogo tu, mchuzi unahamia upande mmoja na wewe kitandani unamwangukia mwenzio. Pembeni ya bamba kuna kibanda, na ukutani kwake mashine yenye vitufe na tundu la sarafu. Na juu ya mlango, kioo cheusi cha kuonyesha namba.

"Weka hapo hapo juu ya chuma," nikamwambia. "Utatoa pesa, mimi nitaongea na Gunilla. Mungu akikupa anakupa vyote kwa mkupuo."

Baba Zawadi akashuka. Akataka kuweka kadi, hakuna pa kuiweka. Akatafuta mfukoni, akapata ile sarafu moja anayofungulia toroli la dukani. Akaitumbukiza. Mashine ikaguna. Kioo kikawaka namba nyekundu: 3690. Na karatasi ndogo ikatoka chini.

Akaniletea dirishani. Imeandikwa 3690.

Hapa naomba mnielewe kama watu wa Stockholm. Sisi tunaishi kwa nini? Kwa namba. Ukitaka dawa, chukua namba. Ukitaka samaki dukani, chukua namba. Ukienda ofisi yoyote, hata kama uko peke yako na mhudumu anakuangalia, chukua namba kwanza. Miaka yote hii nimesimama mbele ya vioo vya namba nyekundu nikisubiri ya kwangu. Kwa hiyo mtu akinipa karatasi yenye namba, na ukutani pana namba ile ile, mimi najua kitu kimoja tu.

"Ni zamu yetu!" nikasema. "Papo hapo! Hawa watu wana utaratibu."

"Na dirisha la kibanda halifunguki," Baba Zawadi akasema.

"Wanatafuta funguo. Njoo uchukue kitambulisho, watakihitaji."

Akapanda garini kuchukua kitambulisho. Nikatupa jicho ukutani. 3790.

"Baba Zawadi! Wametupita! Watu mia wamehudumiwa!"

"Wapi? Mimi sioni mutu hata mumoja!"

"Kuna dirisha lingine kwa nyuma. Shuka ukaangalie!"

Akashuka mbio. Nikatazama ukutani. 3690.

Namba imerudi.

(Mtu mwenye akili timamu angeunganisha hapo. Mwenzenu nikaunganisha hivi: serikali imegundua dhuluma, imewarudisha nyuma walioruka foleni. Nikazidi kuwaheshimu Wataliano.)

"Rudi ndani," nikamwambia, "usiwe unarandaranda, watatuona hatuna msimamo." Akarudi. 3790. Akashuka tena kwa hasira. 3690. Akasema hii mashine ina wazimu. Nikamwambia mashine haina wazimu, ni yeye hana subira.

Ndipo trekta la kwanza likaja.

Limevuta tela la zabibu, zimejaa mpaka juu, nyuki wanazifuata. Likasimama nyuma yetu. Likaja la pili. Likaja la tatu. Nikafurahi, kusema kweli. Nikamwambia Baba Zawadi, "Unaona? Hata wenyeji wanachukulia hapa." Trekta la kwanza likapiga honi. Nikatoa mkono dirishani, nikawaonyesha karatasi yangu, nikawaonyesha ukuta. Namba ni namba. Wasubiri.

Akashuka mzee. Kofia ya majani, mikono imekuwa myeusi kwa zabibu. Akaja mpaka dirishani kwangu.

"Pesa," akasema, akionyesha chini.

Lafudhi tu ilimpinda, alitamka kama "peza". Nikamsamehe.

"Ndiyo mzee wangu, pesa!" nikamjibu, nikaonyesha karatasi.

"La pesa, signora! La pesa!"

"Pesa! Pesa! Na sisi pia!"

Akanionyesha chini. Nikamwonyesha ukuta. Akatikisa kichwa kukubali. Nikatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kuelewana na mgeni kiasi kile. Na hakuna aliyesogea.

Simu ikalia. Saa tano kamili. Gunilla.

Nikafunga dirisha. Nikashusha pumzi. Nikaweka kompyuta mezani, kilemba sawa, tabasamu sawa. Gunilla akatokea kwenye kioo na kikombe chake cha kahawa. Tukasalimiana. Nikamwonyesha chumba: mlango huu hapa, unafungwa. Pazia hili hapa. Kimya kama anavyosikia.

"Pazuri sana," akasema. "Na mumeo?"

"Yuko nje. Nikiwa kazini haingii kabisa."

"Vizuri. Nafikiri sina la—"

Honi. Halafu honi mbili. Halafu mlango ukafunguka, si kidogo, wote, na mzee wa kofia akaingiza kichwa ndani, akakaa sawa sawa nyuma ya bega langu, kwenye video, uso kwa uso na Gunilla. Akaanza kuongea. Maneno mengi, mikono mingi.

Nikamwambia Gunilla kwa Kiswidi, "Samahani, huyu anachukua pesa. Zamu yake bado."

Gunilla akaweka kikombe chini. Akamsikiliza yule mzee. Akaanza kumjibu. Kwa Kiitaliano!

Kumbe Gunilla anasoma Kiitaliano darasa la jioni, kwa ajili ya likizo zake. Miaka yote hii hajawahi kunitajia. Wasweden hawatajataji mambo.

Wakaongea. Wakacheka kidogo. Mimi katikati, nageuza shingo huku na huku. Mkalimani wa simu, aliyesajiliwa, sijui hata neno moja linalopita mbele ya pua yangu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Unataka nikutafsirie?" Gunilla akauliza. "Kila kitu?"

"Kila kitu," nikasema. "Usiongeze, usipunguze." (Kiburi changu hicho. Kiandikeni mahali.)

Mnajua kanuni yetu. Mkalimani husema "mimi", kana kwamba yeye ndiye msemaji. Na Gunilla ndiye aliyetufundisha hiyo kanuni. Akakaa sawa, akatazama mbele, akasema kwa Kiswidi kisafi:

"Mimi nina zabibu, na zabibu zangu zinachemka juani. Nimemwomba huyu mama kwa adabu ashuke kwenye mzani. Yeye kila nikisema mzani, anashangilia."

"Mzani?" nikasema.

"Mzani. Pesa kwa Kiitaliano ni mzani. Pesa pubblica ni mzani wa watu wote. Mmeegesha juu yake." Akainama kwenye kamera, akatazama dirishani nyuma yangu, akasoma ule ukuta. "Na ile si namba ya foleni. Ni kilo."

Mungu wangu.

Jamani, mimi nimekulia njia ya mizani! Nani aliyepanda basi la Kigoma asiyeijua mizani? Unafika, konda anapiga kelele "shukeni nyote", mnashuka, basi linapimwa, mnapanda tena. Tangu nikiwa mdogo nashushwa kwenye mizani. Nimekuja kuupanda mmoja Ulaya kwa hiari yangu, nikapiga na picha.

Nikasema basi, tunaondoka, samahani sana. Nikainuka. Lakini Gunilla hakuwa amemaliza. Sauti ile ile ya upole.

"Subiri. Mumeo ana leseni ya kawaida?"

"Ndiyo. Ile ya mabasi aliirudisha mgongo ulipogoma."

"Leseni ya kawaida mwisho wake ni gari la kilo elfu tatu na mia tano. Ninyi mna elfu tatu mia sita tisini, na yeye yuko nje." Akanywa kahawa. "Siwezi kuandika kwamba ofisi yako imepita, wakati ofisi yenyewe hairuhusiwi kutembea."

Baba Zawadi alikuwa mlangoni. Nilimwona uso ukimwanguka. Mtu aliyeendesha mabasi maisha yake yote bila kosa moja. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswidi, "Tukipunguza sasa hivi?"

"Mkipunguza sasa hivi," Gunilla akasema, "nitasubiri. Niko na kahawa." Akamweleza mzee kwa Kiitaliano.

Mzee akageuka, akawapigia kelele wenzake. Nao wakazima matrekta. Wakaja wote. Nadhani walishaona zabibu zimechelewa, basi bora wafaidi.

"Kwanza," mzee akasema, na Gunilla akatafsiri, "mimi naomba mama ashuke tujue gari peke yake."

Hapo nikaganda.

Kina mama wenzangu, mnanielewa. Ukutani namba kubwa, nyekundu. Nikiwa ndani ni 3690. Nikishuka itakuwa namba nyingine. Na kutoa, jamani, ni hesabu ya darasa la pili.

"Si lazima," nikasema.

"Ni lazima," Gunilla akasema, kisha akainua macho akatazama dari ya ofisi yake kule Stockholm, kwa heshima. (Aliangalia dari. Lakini aliangalia polepole.)

Nikashuka. Nilijaribu kushuka kidogo kidogo, mguu mmoja kwanza, ili namba isiruke. Haisaidii, msijaribu. Nikaweka mguu wa pili chini. Ukutani namba ikaporomoka. Kijiji kizima kikasema, "Oooooh."

Wakatoa. Wote kwa pamoja, midomo ikisogea. Hesabu ya shule hawajaisahau hata mmoja. Mzee mmoja akainua nyusi akampigapiga Baba Zawadi begani, kama mtu aliyeoa vizuri.

Baba Zawadi hakucheka. Alikuwa bado anatazama ukuta. Akanigeukia.

"Mama Zawadi. Ulinambiaka uko sabini!"

Mbele ya watu! Nikamjibu, "Nilikuwa. Nilikuwa sabini ulipouliza."

"Nilikuulizaka wakati Zawadi anabatizwa!"

"Si umeuliza mara moja tu!"

Namba siisemi. Anayeitaka akawaulize Wataliano.

Sasa ikaanza kazi ya kushusha. Na hapo ndipo nilipopata pumzi, maana aibu ikahamia kwa mwingine. Wakafungua stoo ya chini ya kitanda. Gunia la maharage. Gunia la mchele. Nikatikisa kichwa, hivyo nilivijua. Likatoka dumu la mawese. Sikulijua. Ikatoka boksi ya makopo. Halafu wanaume wawili wakainama, wakavuta, wakaguna, wakatoa kinu. Kinu! Kinu cha mti, na mchi wake, cha kutwangia sombe, yaani kisamvu. Kimesafiri kutoka Rågsved mpaka Italia chini ya mgongo wangu.

"Baba Zawadi. Hiki nini?"

"Njo kinu."

"Naona ni kinu. Kinafanya nini hapa?"

"Banasema huku banakula majani mabichi," akasema. "Nikaona, kama ni majani, tutayatwanga."

Gunilla aliomba kukiona. Nikakisogeza kwenye kamera. Akasema ni kizuri sana, na kwamba hakihusiani na ukalimani.

Wakafungulia na tangi la maji. Likamwagika lote kwenye chuma, miguu yetu ikalowa. Kila kitu kikishuka, kijiji kinasoma namba kwa sauti. Ilikuwa kama mnada unaorudi nyuma. Mwisho likabaki gari, kitanda, jiko, na magunia mawili ya unga wa muhogo ambayo Baba Zawadi alikataa yasiguswe.

"Panda," mzee akamwambia. Akapanda, akakaa kwenye usukani. Namba ikawa chini ya elfu tatu na mia tano. Makofi!

"Mama naye apande," Gunilla akasema kwa Kiitaliano, kisha kwa Kiswidi.

Nikapanda. Ukutani: elfu tatu, mia tano, na ushee. Ushee mdogo sana. Ushee wa unga.

Gunilla akapiga hesabu, Wasweden hawaachi kitu kikae hewani. "Mkitoa hayo magunia mawili," akasema, "nyote wawili mnaenea, na mimi napitisha ofisi. Au mkibaki nayo, basi mmoja wenu asiwemo gari likitembea. Likisimama si shida, sheria ni ya barabarani. Chagueni, nina mkutano."

Mzee akataka kujua kinachoendelea. Gunilla akamtafsiria. Mzee akawatafsiria wenzake kwa sauti. Kijiji kizima kikamgeukia Baba Zawadi.

Jamani. Ndoa ya miaka mingi. Nimemzalia. Nimemsugua ule mgongo wake majira ya baridi yote. Nikakaa pale kwenye kiti, mikono mapajani, kilemba kimepinda, nikisubiri. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa uso wa mwanamke anayependwa.

Baba Zawadi akautazama unga. Akanitazama mimi. Akautazama unga tena. Unga ule ulitoka kwa dada yake Uvira, umepita mikono ya watu watano kufika Stockholm, na hapa Italia hakuna ugali wa aina hiyo hata ukilia machozi. Najua hayo yote. Hata hivyo.

Akakohoa. Akauliza, kwa Kiswidi, kwa upole kabisa:

"Treni za huku zina choo?"

Gunilla akamtafsiria mzee. Mzee akajibu, tena kwa haraka, kwamba zina choo na ni safi. Wanawake wawili waliokuwa wametoka kanisani wakanishika mkono. Sikuhitaji tafsiri.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Maharage na mchele tumewaachia kijiji. Kinu kimebaki kwa mzee, amesema atakitunza mpaka tukirudi, na ameshaweka maua ndani. Gunilla amenipitisha. Ameandika kwa mkono wake kwamba chumba kinafaa, kimefungwa, kina pazia. Gari ni ofisi yangu halali, kwa ruhusa ya kudumu. Ila likiwasha injini, mimi nashuka.

Nawaandikia haya kutoka kwenye treni. Kiti cha dirishani. Baba Zawadi yuko barabarani, anaendesha polepole, na unga umefungwa mkanda kwenye kiti changu. Nimeiona picha. Amenitumia mwenyewe, anadhani nitafurahi. Tutakutana kituo kinachofuata, nitapanda ofisini, nitapokea simu zangu, kesho nitashushwa tena.

Kwa hiyo safari haijafa. Imeendelea vizuri sana, kila mtu ameniambia. Na choo cha treni, nakiri, ni kisafi.

Mwenye kucheka miongoni mwenu, sina neno. Ila kwanza apande yeye, namba iwake nyekundu mbele ya mumewe, halafu gunia la unga lisogezwe karibu, tuone atakayebaki garini.